KABLA HUJAMRUSHA MTOTO DARASA, MSHONEE KANZU



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya swala ya Isha baba mmoja alinisubiri mpaka watu wakaisha msikitini. Nilipomaliza kuzima feni akanisogelea na daftari la mwanawe mkononi. Mtoto ana miaka 10, yuko darasa la nne, kamaliza Upimaji wa Kitaifa Oktoba hii ya 2025. Hisabati zote ana mia, au tisini na nane pale alipopitiwa. Shule yao, ya kulipia, imemwita baba ikamwambia: huyu anapoteza muda na wenzake, Januari tumrushe la tano, aingie la sita moja kwa moja. Baba kafurahi, mama hataki. Sasa anataka sheikh aseme neno.

Neno langu nililimpa, lakini halikuwa fupi. Na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza hapa Mbagala, nimeona niliandike, umsomee na mwenzio nyumbani kabla hamjagombana.

Kwanza nikuambie mimi ni nani katika jambo hili, usije ukadhani unamsikiliza profesa. Hisabati ya kidato cha nne niliangukia pua. Sehemu, nikimaanisha nusu na robo na theluthi, nilikuja kuzielewa ukubwani, nikiwa nasomeshwa mirathi na sheikh wangu, kwa sababu huwezi kumgawia mjane thumni yake kama hujui thumni ni nini. Kwa hiyo mtoto anayeona namba kama mimi ninavyoona herufi za Qur'ani, mimi namheshimu. Simwonei wivu wala simdharau.

Na huyu mtoto namjua. Anasoma madrasa kwetu. Siku moja nilikuwa nawafundisha wakubwa mirathi, yeye kakaa pembeni na juzuu yake. Nikatoa mas-ala: mwanamke kafariki, hana mtoto wala wazazi, kaacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja. Mume fungu lake nusu. Dada wawili fungu lao theluthi mbili. Wakubwa wakaanza kuandika. Yule mdogo akanyanyua kichwa akasema, "Ostadhi, haitoshi." Nikamuuliza, haitoshi nini? Akasema, "Ukikata vipande sita, mume tatu, dada nne. Ni saba. Na vipande viko sita." Alishatafuta kigawe kidogo cha shirika kichwani mwake, hajui hata kama kinaitwa hivyo. Nikamuuliza, sasa tufanyeje, mume tumwambie arudi kesho? Akafikiri kidogo, akasema, "Si tukate saba?"

Subhanallah. Hilo ndugu zangu linaitwa aul, na inasimuliwa kwamba lilipojitokeza zama za Sayyidna Umar (R.A.) aliwakusanya masahaba akawataka ushauri, kisha wakakata saba. Mali ikiwa shilingi 4,200,000, mume anachukua 1,800,000, kila dada 1,200,000, na hakuna aliyedhulumiwa peke yake, wote wamepungukiwa kwa uwiano mmoja. Mtoto wa darasa la nne kafika hapo akiwa amekaa chini kwenye mkeka. Kwa hiyo tusibishane kama mtoto ana kipaji. Anacho. Swali ni tumfanyie nini.

Wapo watakaokwambia, "Mtoto ni mtoto tu, akae na wenzake, haraka ya nini." Hao nawajibu kwa Sayyidna Umar huyo huyo. Imo katika Sahihi ya Imam Bukhari kwamba alikuwa akimwingiza Ibn Abbas (R.A.), kijana mdogo, katika baraza la wazee waliopigana Badri. Baadhi yao wakanung'unika: kwa nini unatuletea kijana huyu na sisi tuna watoto rika lake? Umar hakuwagombeza. Alimwita kijana siku moja mbele yao, akawauliza wote maana ya Suratun Nasr. Wengine wakasema tumeamrishwa kumsifu Allah ukija ushindi, wengine wakanyamaza. Ibn Abbas akasema ni ishara ya kukaribia kuondoka kwa Mtume (S.A.W.). Umar akasema na yeye halijui ila hilo. Manung'uniko yakaisha.

Basi kumtanguliza mwenye uwezo mbele ya umri wake si bidaa. Lakini tazama Umar alivyofanya. Alimpima hadharani, kwa swali la kweli, si kwa sifa za jirani. Na tazama Ibn Abbas mwenyewe alivyoishi. Kijana aliyekaa na watu wa Badri ndiye huyo huyo aliyekuwa akienda kukaa nje ya milango ya masahaba kusubiri hadithi moja, upepo ukimpiga vumbi usoni mpaka mwenye nyumba aamke. Kuingizwa barazani hakukumfanya auruke mlango wa mtu.

Sasa niwape kisa kingine, maana hiki ndicho kilichonifanya niandike. Amr bin Salama (R.A.) alikuwa mtoto wa watu waliokaa kwenye maji, njia ya misafara. Wapanda ngamia wakipita, yeye anawauliza habari za huyo Mtume na anahifadhi kila aya anayoisikia. Makka ilipofunguliwa watu wake wakasilimu, baba yake akaja na maagizo ya Mtume kwamba awasalishe aliyehifadhi Qur'ani zaidi. Wakatafuta kijiji kizima. Hakuna aliyemzidi yule mtoto. Wakamtanguliza mbele, ana miaka sita au saba. (Wanachuoni wamekhitilafiana kuhusu mtoto kusalisha swala ya faradhi, na sisi Mashafi'i tunaijuzisha kwa dalili hii hii. Tusihamie huko kwenye maoni, tafadhali.)

Ila mtoto alikuwa na shuka moja, fupi. Kila akisujudu inapanda. Mpaka mwanamke mmoja nyuma akawaambia wanaume: hivi hamtatusitiria makalio ya msomaji wenu? Ndipo wakanunua kitambaa, wakamkatia kanzu. Na Amr alipokuwa mtu mzima akasimulia kwamba hakuna kitu kilichomfurahisha kama kanzu ile.

Nimekisoma kisa hiki miaka mingi nikitafuta hukumu ya uimamu. Sasa hivi nakisoma nikiona wanaume wote wale. Walipima Qur'ani ya mtoto, wakapata jibu sahihi, wakamweka mbele. Hakuna hata mmoja aliyetazama amevaa nini. Aliyetazama ni mama mmoja nyuma ya safu. Na dawa yake haikuwa kumrudisha mtoto nyuma. Waliendelea naye mbele, wakamshonea.

Ndugu yangu mzazi, mwanao akitangulizwa, kanzu yake iko wapi?

Nakuuliza kwa sababu mimi niliwahi kusahau. Miaka 13 iliyopita baba mwingine alinijia na swali hili hili. Mtoto wa la tano, hodari, shule inataka imwingize la saba. Mimi kwa ujuba nikasema mtoto mwenye akili mwacheni apae. Sikumpima, sikumuuliza hata swali moja. Akaingia la saba, akafaulu vizuri, shule ikafurahi na picha yake ikabandikwa getini. Kidato cha kwanza akaanza na miaka 11, bweni. Kidato cha pili Hisabati ikamshinda, kisha Fizikia, kisha akaacha kunyoosha mkono kabisa. Kidato cha nne akapata sifuri.

Siku hizi anaendesha bodaboda pale Rangi Tatu. Bodaboda ni kazi ya halali na anamlisha mama yake, simtaji kwa kumdharau. Siku moja alinibeba, nikamuuliza, mwanangu, ilikuwaje? Akasema, "Ostadhi, mwalimu kila mara alikuwa anasema 'kama mlivyosoma la sita'. Mimi niliona aibu kusema sikusoma la sita." Tulifika nikampa nauli, akaikataa.

Mwaka mmoja tu. Ndani ya mwaka huo wenzake walikaa na asilimia, na uwiano, na riba, na zile herufi za kwanza za aljebra. Yeye alivuka kwa kukariri maswali ya mitihani iliyopita, na mtihani wa mwisho ukamkubalia. Hisabati ndugu zangu ni ngazi. Historia ukikosa somo la Wareno unaweza kusoma la Wajerumani ukaelewa. Hisabati ukikosa sehemu huwezi asilimia, ukikosa asilimia huwezi riba, na hakuna atakayekwambia umekosa wapi, utaona tu mambo yamekuwa giza. Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka somo linaloangusha watoto kupita yote ni hilo Hisabati, wengi mno kuliko wanaofaulu. Hao wengine hawakurushwa darasa kwa barua. Walirushwa kimya kimya, ndani ya darasa la watoto mia na zaidi, mwalimu akienda mbele na wao wakibaki.

Kwa hiyo safari hii sikujibu papo hapo. Allah katika Suratun Nisaa, aya ya 6, anawaamrisha walezi wawajaribu mayatima kabla ya kuwakabidhi mali zao. Si umri peke yake unaotazamwa, inatazamwa na busara, na jaribio linatangulia makabidhiano. Nikamwambia baba, nipe jioni tatu na huyu kijana.

Jioni ya kwanza hesabu za kichwani. Kanishinda mimi. Jioni ya pili nilimpa mafumbo, yale maswali ya maneno: fundi kanunua mbao kadhaa, kauza ngapi kwa hasara gani. Hapo akajikwaa, si kwa hesabu, kwa kusoma. Anakimbilia namba kabla hajafika mwisho wa sentensi. Nikimwambia andika njia uliyopita, anaandika jibu tu. Anasema, "Njia ninaiona, kwa nini niiandike?" Jioni ya tatu nilimpa desimali, kitu ambacho hajakisoma sawasawa. Akakosa. Nikamwambia umekosa. Akafuta mpaka karatasi ikatoboka, kisha akaichana, kisha akalia.

Mtoto huyu hajawahi kukosa. Miaka minne ya shule, kila siku anapata, kila siku anapigiwa makofi. Hajui mtu akikosa anafanya nini baadaye. Hiyo ndiyo shuka fupi niliyoiona mimi.

Na usinielewe vibaya ukasema "basi abaki la tano, ndio salama". Kumbakiza kule anakopata mia bila kutoka jasho ndiko kulikomfundisha kuchana karatasi! Anahitaji maswali magumu kuliko mtoto mwingine yeyote pale. Akiyakosa sasa, na miaka 10, mbele ya mtu anayempenda, atazoea. Akiyakosa mara ya kwanza kidato cha pili, bweni, mbele ya vijana wa miaka 15, yatakuwa yale ya Rangi Tatu.

Rai yangu basi, na ukiikataa hujakufuru: mwacheni aende mbele katika Hisabati, na katika mengine abaki na wenzake. Mpe kitabu cha la tano cha Hisabati, akikimaliza kwa kweli, kwa maswali na njia zilizoandikwa, mpe cha la sita, hata akifika la kidato cha kwanza akiwa bado anavaa kaptula. Kiswahili, Kiingereza, Sayansi, michezo, foleni ya bombani, hivyo avipate na rika lake.

Hii si hekima ya kwangu. Ndivyo tulivyosomeshwa chuoni tangu zama za babu zetu mwambao huu wote. Madrasa ya zamani haina darasa la nne wala la tano. Mkeka ni mmoja. Huyu yuko alifu-be, huyu Juzuu Amma, huyu Yasin, na wote wanacheza pamoja wakitoka. Mwalimu anampokea kila mmoja somo lake: ukilisoma vizuri unasonga, ukikosa unarudia kesho, na hakuna anayecheka maana kila mtu ana kurasa yake. Huko hakuna kurushwa, kwa sababu hakuna aliyefungiwa. Sisi tukachukua mpangilio wa shule tukaona madrasa ni ya kizamani, na sasa Wazungu ndio wanatufundisha kila mtoto ana mwendo wake.

Nimesoma habari za mwanahisabati mmoja wa Australia, Terence Tao. Akiwa mdogo kabisa wazazi wake walimpeleka mbele katika Hisabati miaka kadhaa kupita wenzake, huku masomo mengine akisoma karibu na umri wake, na chuo kikuu hawakumharakisha kadiri ambavyo wangeweza. Akiwa na miaka 10 aliiwakilisha nchi yake katika mashindano ya Hisabati ya dunia akapata shaba, mwaka uliofuata fedha, kisha dhahabu. Mwaka 2006 akapewa medali ya Fields, hakuna kubwa kuliko hiyo katika fani yao. Simtaji kwa sababu mwanao ni Tao. Nimemtaja kwa sababu hata mwenye kipaji cha namna ile wazazi wake walitenganisha somo na darasa.

Sasa turudi kwa yule baba, maana nilimbakizia jambo moja la mwisho. Nilimuuliza, unajua mtaala umebadilika? Walioanza la tatu mwaka 2024 wako kwenye mtaala mpya, elimu ya msingi yao ni miaka sita. Mwanao ni mmoja wao. Kwa utaratibu uliotangazwa, yeye akienda kawaida, 2026 la tano, 2027 la sita, anamaliza. Walio mbele yake, wa mtaala wa zamani, wanamaliza la saba mwaka huo huo wa 2027. Makundi yote mawili yanaingia kidato cha kwanza pamoja 2028. Sasa ukimrusha aingie la sita Januari hii, anamaliza lini?

Akahesabu kwa vidole. Kimya. Akahesabu tena.

Mwaka huo huo! Angemng'oa mtoto kwa wenzake, angempitisha kwenye mtaala wa zamani usio wake, angelipa ada ile ile, na angefika mlango ule ule siku ile ile. Nilimwambia arudi shuleni awaulize waliompa ushauri kama walilihesabu hilo. Sitaki kuwadhania watu vibaya, lakini mtoto wa mia akiwa la saba ni jina kwa shule, na mzazi lazima ajiulize haraka hii ni ya nani.

Hiyo ni kwa waliokuwa la nne mwaka 2025. Wewe mwenye mtoto wa darasa jingine hesabu ya miaka yako ni tofauti, fanya mwenyewe. Na sisemi kamwe asirushwe mtoto yeyote. Uhudi Ibn Umar (R.A.) alirudishwa ana miaka 14, mwaka wa Khandaq akakubaliwa ana 15, na kule kurudishwa hakukumpunguzia kitu. Lakini siku ile ile ya Uhudi, vitabu vya sira vinasema Rafi bin Khadij aliruhusiwa kwa kuwa alikuwa hodari wa mshale, na Samura bin Jundub alipolalamika kwamba yeye humshinda Rafi mieleka, wakapiganishwa, akamwangusha, naye akaruhusiwa. Mtoto aliyepimwa masomo yote, mwili wake uko sawa, hasomi kwa hofu, mwenyewe anataka, na mama yake karidhika, mrushe na umwombee dua. Nimesema mama yake karidhika. Yule wa nyuma ya safu ndiye aliyeona shuka.

Jambo dogo la kando halafu nimalize. Miaka yote hii wanaoletwa kwangu kuulizwa kama warushwe darasa ni watoto wa kiume. Hata siku moja sijaletewa binti. Na katika madrasa yetu kuna binti mmoja, anamsaidia mama yake kuuza vitumbua alfajiri, ambaye chenji anairudisha kabla mteja hajafungua mkono. Nikampa ile mas-ala ya mume na dada wawili. Akakata saba. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hiyo ni akili, nyumbani wanamwambia ana haraka tu ya kwenda shule. Mwanachuoni wetu Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alipoandika kule Baghdad kitabu chake cha al-jabr, ambacho dunia imechukua kwake hilo neno aljebra, sehemu kubwa ya kitabu aliiweka kwa ajili ya wasia na mirathi, na ndani ya mirathi kuna haki za wanawake. Itakuwa ajabu wao ndio wasiojua kuzihesabu.

Kwa hiyo nimezungumza na kijana mmoja muumini wetu anayesomea ualimu wa Hisabati, amekubali kujitolea. Kuanzia wiki ijayo, kila Jumatatu na Jumatano baina ya Maghrib na Isha, kutakuwa na mkeka wa Hisabati hapa msikitini, upande wa madrasa. Hakuna madarasa. Kila mtoto atapimwa na ataanzia alipo, awe la pili au kidato cha kwanza. Wavulana na mabinti, pande mbili. Bure. Yule wa mia ameshaandikishwa, na yule wa vitumbua pia. Mtoto aje na daftari la mraba, penseli, na asije na kifutio.

Wabillahi tawfiq.